Palermo: Watu walifukuzwa, vyakula vyao vikabaki

Mji wa Palermo, makao makuu ya kisiwa cha Sisilia kusini mwa Italia, unasifika kwa vyakula vinavyoliwa kwa mkono kando ya barabara. Nyuma ya vyakula hivyo wako watu waliovileta, na wengi wao waliondoshwa kisiwani kwa nguvu. Leo wageni kutoka Afrika na Asia wameweka meza zao katika soko la kale la Ballarò, na historia hiyo imerudi kuuliza swali lake.

Mgeni akishuka katika kituo kikuu cha treni cha Palermo asubuhi, akatembea kwa muda mfupi kuelekea mtaa wa Albergheria, atalisikia soko la Ballarò kabla ya kuliona. Wachuuzi wa hapa hawamngoji mteja asome bei. Hunadi bidhaa zao kwa sauti ndefu inayopanda na kushuka kama wimbo, na ustadi huo una jina lake katika lugha ya Kisisilia: abbanniata.

Kati ya meza za samaki na vilima vya malimau, mtu mmoja amesimama nyuma ya karai la mafuta ya moto. Anachokaanga kinaitwa panelle. Ni unga wa dengu uliokorogwa kwa maji na chumvi, ukasongwa motoni kama ugali hadi ukashikana, ukatiwa kotimiri, ukatandazwa mwembamba na kuachwa upoe. Kisha hukatwa vipande na kukaangwa. Vipande hivyo hupangwa ndani ya mkate wenye ufuto, hukamuliwa limau, na mteja huondoka huku akila. Aliyezoea bajia za dengu za Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kufundishwa utamu wake.

Ukimuuliza mwenyeji chakula hiki kimetoka wapi, atakujibu bila kusita: kimetoka kwa Waarabu. Jibu hilo ni fupi, lakini linafungua mlango wa historia ndefu.

Sukari, limau na zafarani

Palermo ilianzishwa na Wafinisia, mabaharia wa mashariki ya Mediterania, katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Wagiriki waliuita Panormos, yaani mji ambao wote ni bandari. Kutoka pwani ya kusini-magharibi ya Sisilia hadi Tunisia ni takriban kilomita 150 tu, na bahari hiyo nyembamba imekuwa njia zaidi kuliko mpaka.

Mwaka 831 majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yaliuteka mji huo na kuufanya makao makuu ya utawala wao kisiwani. Walitawala kwa zaidi ya karne mbili. Katika mashamba yaliyouzunguka mji walieneza ufundi wa kumwagilia maji, na pamoja nao miwa, malimau na machungwa machungu. Majina ya mazao yalibaki katika lugha ya wenyeji, na hapo msikilizaji wa Kiswahili anaweza kujikuta nyumbani. Sukari kwa Kiitaliano ni zucchero, limau ni limone, zafarani ni zafferano, na biringani ni melanzana. Maneno hayo manne yamepita katika Kiarabu kabla ya kufika Italia, kama vile yalivyopita katika Kiarabu kabla ya kufika pwani ya Afrika Mashariki. Hata ufuto unaonyunyizwa juu ya mikate ya Palermo huitwa na wenyeji giuggiulena, jina linalotokana na neno la Kiarabu, juljulan.

Mwaka 973 msafiri na mwanajiografia Ibn Hawqal alifika Palermo. Aliandika kwamba aliona misikiti zaidi ya 300 na maduka ya wachinjaji zaidi ya 150. Hata hivyo hakuvutiwa na wenyeji. Alilalamika kwamba wanakula mno vitunguu vibichi, asubuhi na jioni, tajiri kwa maskini, na akadai kuwa vitunguu hivyo ndivyo vilivyoharibu akili zao. Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, kitunguu bado kimo karibu katika kila kinachouzwa barabarani mjini humo, na akili za Wapalermo hazijaonekana kupungua.

Wanormani, wapiganaji Wakristo waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, waliuteka mji mwaka 1072. Hawakuwafukuza Waislamu mara moja. Waliwatumia kama maafisa, wajenzi na wataalamu wa hesabu. Mfalme Roger wa Pili, aliyevikwa taji mwaka 1130, alimweka katika baraza lake mwanajiografia Al-Idrisi, ambaye mwaka 1154 alikamilisha kitabu kikubwa kinachoelezea dunia iliyojulikana wakati huo. Ndani ya kitabu hicho, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika mji huu wa Sisilia, zimetajwa Malindi na Mombasa. Humo pia Al-Idrisi anaeleza kuhusu Trabia, kijiji kilicho mashariki ya Palermo, ambako watu walitengeneza tambi kavu kwa wingi na kuzisafirisha kwa merikebu hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Majengo ya zama hizo, ambamo nakshi za Kiarabu zinakutana na misalaba, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2015.

Lakini ujirani huo haukudumu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, mjukuu wa Roger, Mfalme Frederick wa Pili, aliwakabili Waislamu waliokuwa wameasi milimani, kisha akawahamisha kwa maelfu hadi Lucera, katika bara la Italia. Mwaka 1300 makazi hayo ya Lucera nayo yalivunjwa na wakazi wake wengi wakauzwa utumwani. Waliopanda malimau waliondoka. Malimau yalibaki.

Mseja au aliyeoa?

Ukitoka Ballarò na kuvuka barabara ya Maqueda, utafika katika mitaa iliyokuwa ya Wayahudi. Vibao vya majina ya mitaa hapo vimeandikwa kwa lugha tatu: Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Ni vibao vya kumbukumbu, kwa sababu jamii hiyo haiko tena.

Chakula kinachohusishwa nayo ndicho maarufu kuliko vyote mjini: pani ca meusa, yaani mkate wa wengu. Wengu, ambalo wengine huliita bandama, na mapafu ya ndama huchemshwa hadi yaive, hukatwa vipande vyembamba, kisha mteja akifika hukaangwa katika sufuria pana iliyoinama upande mmoja. Muuzaji hukinga vipande hivyo kwa uma wake mrefu vichuruzike mafuta, huviingiza ndani ya mkate wa duara, halafu huuliza swali moja: schietta au maritata? Maneno hayo yana maana ya mseja na aliyeolewa. Mkate mseja hutiwa chumvi na limau tu. Uliokwisha kuolewa huongezwa jibini.

Masimulizi ya mji yanaeleza asili yake hivi. Wachinjaji wa Kiyahudi hawakuruhusiwa na dini yao kupokea fedha kwa kazi ya kuchinja, hivyo walilipwa kwa viungo vya ndani vya mnyama. Kwa kuwa viungo hivyo vilikuwa vingi kuliko mahitaji ya nyumba zao, walivipika na kuwauzia Wakristo ndani ya mkate. Biashara ikakua, na ladha yake ikaingia katika damu ya mji.

Mwaka 1492 wafalme wa Uhispania, waliokuwa wakiitawala Sisilia, walitoa amri kwamba Wayahudi wote wabatizwe au waondoke. Kufikia mapema mwaka 1493 jamii iliyoishi kisiwani kwa karne nyingi ilikuwa imetoweka. Wauzaji wengine waliirithi kazi ya mkate wa wengu. Leo wengu hilo hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, kitu ambacho wale wanaosemekana kukianzisha chakula hiki wasingeweza kukigusa.

Hatua chache kutoka hapo lipo jumba la Steri, ambalo tangu karne ya 17 hadi mwaka 1782 lilikuwa makao ya Baraza la Uchunguzi wa Imani la Wahispania. Michoro na maandishi ya wafungwa bado yanaonekana katika kuta za vyumba walimofungiwa. Katika jumba hilohilo umetundikwa mchoro mkubwa wa Renato Guttuso wa mwaka 1974 unaoonyesha soko la Vucciria: nyama inayoning'inia, samaki, mayai, matunda, na watu wanaopishana katika njia nyembamba. Anayeuzuru mji huona hivyo viwili ndani ya jengo moja, shibe ya soko na kuta za jela.

Robo ya tano

Si kila chakula cha Palermo kimetoka ng'ambo. Vingine vimezaliwa na njaa. Waitaliano husema kwamba mnyama hugawanywa robo nne za nyama, na kinachosalia, yaani utumbo, mapafu, kwato, pua na mafuta, huitwa robo ya tano. Robo nne za kwanza zilikuwa za wenye uwezo. Ya tano ilikuwa ya wengine wote.

Jioni ikiingia, moshi mzito hupanda kutoka pembe za mitaa. Mchuuzi amewasha mkaa na kupanga juu yake stigghiola: utumbo wa mwanakondoo au mwanambuzi uliooshwa vizuri, ukasokotwa kuzunguka kitunguu cha majani na kotimiri. Ukishaiva hukatwakatwa juu ya ubao, hutiwa chumvi na limau, na huliwa ukiwa wa moto. Mtu aliyekula mutura Nairobi au mishkaki Dar es Salaam atautambua moshi huo kutoka mbali.

Kuna pia frittola, mabaki ya nyama na gegedu za ndama yaliyochemshwa na kukaangwa, ambayo huuzwa kutoka katika kapu lililofunikwa kitambaa. Muuzaji huingiza mkono chini ya kitambaa na kutoa fungu bila ya mteja kuona ndani. Kununua frittola ni tendo la kuaminiana. Zipo kwato na pua za ndama zilizochemshwa, ndugu wa supu ya makongoro. Yupo pweza aliyechemshwa na kukatwa mbele ya macho ya mteja, kama anavyokatwa pweza katika bustani ya Forodhani kule Unguja.

Na ipo sfincione, mkate mnene na laini kama sifongo, uliopakwa nyanya, vitunguu, dagaa wa chumvi, jibini na chenga za mkate. Huuzwa mara nyingi kutoka katika kigari cha magurudumu matatu kinachotengenezwa na kampuni ya Piaggio, ambacho Wapalermo hukiita lapa. Bajaji zinazojaa katika miji ya Afrika Mashariki ni jamaa zake, kwa kuwa kampuni ya Bajaj ya India ilianza kwa kutengeneza vyombo hivyo kwa leseni ya Piaggio. Kipaza sauti cha kigari hutoa tangazo lililorekodiwa ambalo, kinyume na matangazo yote ya biashara, huikejeli bidhaa yenyewe kwa kusema kwamba ina mafuta kidogo na imejaa vumbi. Wenyeji hucheka, kisha hununua.

Umaskini huo haukuwa wa zama za kale pekee. Mwaka 1943, katika Vita Vikuu vya Pili, ndege za majeshi ya muungano ziliishambulia Palermo kwa mabomu na kubomoa sehemu kubwa ya mji mkongwe. Baada ya vita fedha za ujenzi hazikuelekezwa huko. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanasiasa na wajenzi walioshirikiana na mafia walifyeka bustani za malimau na majumba ya fahari pembezoni mwa mji ili kusimamisha maghorofa. Wapalermo wanakiita kipindi hicho uporaji wa Palermo. Familia nyingi zilihamia katika maghorofa hayo, na mji mkongwe ukabaki na magofu, wazee na nyumba tupu.

Soko la Vucciria ndilo lililoumia zaidi. Zamani mawe ya sakafu yake yalikuwa yakilowa daima kwa maji ya samaki na barafu, hata kukazuka msemo: jambo fulani litatokea mawe ya Vucciria yatakapokauka, maana yake halitatokea kamwe. Leo mchana mawe hayo mara nyingi ni makavu. Meza za samaki zimebaki chache, na uwanja huchangamka usiku, vijana na watalii wanapokuja kula na kunywa.

Siku isiyo na mkate

Hakuna chakula kinachowachochea Wasisilia kugombana kama arancina. Ni tonge la wali uliopikwa kwa zafarani, likajazwa mchuzi mzito wa nyama na njegere, likaviringishwa katika chenga za mkate na kuzamishwa katika mafuta ya moto. Jina lake lina maana ya chungwa dogo, na huko Palermo ni la duara na jina lake ni la kike: arancina. Huko Catania, mashariki ya kisiwa, umbo lake huwa limechongoka kama mlima na jina lake ni la kiume: arancino. Mwaka 2016 taasisi ya lugha ya Kiitaliano, Accademia della Crusca, iliombwa ushauri na ikajibu kwamba majina yote mawili yanakubalika. Hakuna aliyeshawishika.

Wapalermo wengi husema kwamba hata arancina ni ya Waarabu. Wali na zafarani vinaelekea huko, lakini nyanya iliyomo katika mchuzi wake imetoka bara la Amerika, na haikuweza kufika Sisilia kabla ya safari za Columbus. Ndivyo ilivyo pia kwa viazi vya crocchè, vitonge vya kukaanga ambavyo huuzwa pamoja na panelle. Chakula cha mji huu hakina baba mmoja. Kila kizazi kiliongeza kitu juu ya kile kilichokuta.

Siku ya arancina ni tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Lusia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1646 kisiwa kilipokumbwa na njaa, merikebu iliyojaa ngano iliwasili siku hiyo. Watu hawakuweza kungoja ngano isagwe. Waliichemsha nzimanzima na kuila. Kwa kumbukumbu hiyo, tarehe 13 Desemba watu wa Palermo hawali mkate wala tambi. Hula ngano ya kuchemsha iliyotiwa utamu, iitwayo cuccìa, na arancine kwa wingi. Mji ambao mkate wake unajulikana dunia nzima huuacha kwa siku moja ili kukumbuka kwamba uliwahi kuukosa.

Mpishi aliyekuwa mtakatifu

Miongoni mwa watakatifu walinzi wa Palermo yumo Mwafrika, na alikuwa mpishi. Benedikto, anayeitwa na Waitaliano Benedetto il Moro, alizaliwa katika karne ya 16 huko San Fratello, upande wa Messina, kwa wazazi walioletwa Sisilia kutoka Afrika wakiwa watumwa. Alijiunga na Wafransisko na kuwekwa jikoni katika konventi ya Santa Maria di Gesù, nje ya Palermo. Ingawa hakujua kusoma wala kuandika, watawa wenzake walimchagua awe mkuu wao. Muda wake ulipokwisha alirudi jikoni. Alifariki mwaka 1589, na mwaka 1807 Papa Pius wa Saba alimtangaza kuwa mtakatifu.

Kisa chake hukumbukwa mara nyingi leo, kwa sababu nyumba tupu za Ballarò zimepata wakazi wapya. Katika miongo ya karibuni wamehamia humo watu kutoka Tunisia, Ghana, Nigeria, Gambia, Sri Lanka na Bangladesh. Kodi ya nyumba ilikuwa nafuu, soko lilikuwa mlangoni, na mtu aliyejua kupika au kuuza aliweza kuanza na meza moja. Pembeni mwa mabiringani ya Sisilia sasa kuna bamia, mihogo, ndizi za kupika na mchele wa Asia. Mwaka 2014 ulifunguliwa katika mtaa huo mkahawa unaoitwa Moltivolti, maana yake nyuso nyingi, ambamo vyakula vya Kisisilia na vya nchi walikotoka wapishi vimo katika orodha moja.

Uongozi wa mji nao ulichukua msimamo. Mwaka 2015, chini ya meya Leoluca Orlando, Palermo ilitoa tamko linalotaka uhuru wa kuhama utambuliwe kuwa haki ya binadamu. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Italia ilipopitisha sheria iliyowazuia waomba hifadhi kuandikishwa kuwa wakazi, Orlando aliwaagiza maafisa wake wasiitekeleze. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ya Italia iliamua kwamba kizuizi hicho kinakiuka katiba. Kwa mchuuzi wa Ballarò jambo hilo si la nadharia. Bila ya kuandikishwa kuwa mkazi, ni vigumu kwa mtu kufikia huduma nyingi ambazo jirani yake anazipata.

Wachuuzi waliokataa kulipa

Kuna kiungo kimoja cha biashara ya Palermo ambacho hakionekani katika karai. Kinaitwa pizzo, ada ambayo mafia huwatoza wenye maduka kwa vitisho. Mwenye kuikataa angeweza kukuta kufuli lake limezibwa kwa gundi, duka limechomwa, au mabaya zaidi. Mwaka 1991 Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo aliyetangaza hadharani kwamba hatalipa, aliuawa kwa risasi.

Mwaka 2004 vijana wachache walibandika usiku karatasi mjini kote zikisema kwamba umma mzima unaolipa pizzo ni umma usio na heshima. Hapo ndipo ilipoanza harakati ya Addiopizzo, inayowaunga mkono wafanyabiashara wasiolipa na kuwahimiza wanunuzi wawaendee wao. Vita hivyo viliingia hadi ndani ya mkate wa wengu. Antica Focacceria San Francesco, nyumba ya chakula iliyokuwepo tangu 1834, ilidaiwa ada hiyo. Mmiliki wake wa wakati huo alikataa, na mwaka 2007 alisimama mahakamani na kuwanyooshea kidole waliomdai.

Wageni walidhaniwa kuwa mawindo rahisi zaidi, kwa sababu hawakuwa na ukoo mjini na wengi waliogopa polisi. Aprili 2016 kijana kutoka Gambia alipigwa risasi ya kichwa mchana katika eneo la Ballarò baada ya ugomvi wa mtaani. Alinusurika. Aliyefyatua risasi alikamatwa na baadaye kufungwa. Tukio hilo liliwakasirisha wakazi, wenyeji kwa wageni, wakaandamana pamoja. Kisha kundi la wenye maduka wa barabara ya Maqueda, wengi wao kutoka Bangladesh, lilifanya jambo ambalo Wapalermo wengi hawakuthubutu kulifanya kwa vizazi: lilikwenda kwa polisi na kutaja majina ya waliokuwa wakiwatoza, wakiwapiga na kuwaibia. Washukiwa walikamatwa mwezi Mei mwaka huohuo, na kesi ikaishia kwa hukumu za vifungo.

Ni rahisi kuusifu mji kwa ladha zake. Wenye maduka hao walionyesha kwamba ladha haitoshi. Mgeni anaweza kuulisha mji kwa miaka mingi na bado akabaki mtu asiye na ulinzi, kama walivyogundua Waislamu katika karne ya 13 na Wayahudi mwaka 1492. Tofauti ya mwaka 2016 ni kwamba safari hii wageni walisema, na sheria ikawasikiliza.

Kwa anayekwenda

Msomaji anayepanga kuuzuru mji huu akiwa Ulaya au akitoka mbali zaidi, afike Ballarò asubuhi, wakati soko limejaa, kisha atembee hadi soko la Capo, nyuma ya jumba la opera la Teatro Massimo. Vucciria aiachie usiku. Fedha taslimu ndogondogo zinafaa kuliko kadi katika vibanda vingi. Chakula huliwa kwa kusimama, na limau halikataliwi.

Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kununua. Wengu kwa kawaida hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Arancina ya siagi, inayoitwa al burro, mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe ndani, na mchuzi wa ile ya nyama unaweza kuchanganywa. Panelle ni dengu tupu, lakini ni vyema kuuliza yamekaangwa katika mafuta gani. Wauzaji wamezoea kuulizwa, na wengi hujibu bila kukereka.

Baada ya hapo, mtu asimame kidogo Ballarò atazame. Upande mmoja karai la panelle linachemka, na mwenye nalo anasema kwa fahari kwamba chakula hiki ni cha Palermo tangu zamani. Upande wa pili, mwanamke kutoka Afrika Magharibi anapanga mihogo juu ya meza yake. Huenda baada ya karne chache mtoto wa mji huu atasema maneno hayohayo kuhusu muhogo wa kukaanga, kwamba ni wa Palermo tangu zamani. Kitakachokuwa kipya ni kama wajukuu wa walioleta muhogo watakuwa bado wapo, upande wa pili wa meza, kumsikia akisema hivyo.